Finjani ya Kahawa Humchagulia Mvuvi Mwanzi

Saa tatu asubuhi, Kikwajuni, mwaka 1999. Nasser, mchukuzi wa bandari ya Malindi, amesimama barazani. Mkono wa kulia ameunyoosha na mwanzi mnene wa kuvulia samaki. Wa kushoto umeshika finjani ya kahawa iliyojaa. Sharti aimalize taratibu bila kumwaga.

Kabla hajafika nusu, bega linamcheza. Kahawa inamwagikia kanzu.

"Mzito huo," anasema Mabrouk Kificho, fundi wa mianzi hiyo, akimpokonya.

"Ami, mie nnabeba magunia ya karafuu."

"Na samaki utamvua kwa gunia?"

Mabrouk, mwenye miaka 63, anauza mwanzi mmoja shilingi 3,000, kiasi cha minne kwa wiki. Wateja wanaotaka minene huondoka wamenuna, lakini hauzi mwanzi uliomwaga kahawa.

Alijifunza kwa aibu. Mwaka 1987 alivua pwani ya Fumba mwezi mzima kwa mwanzi mnene kama mpini wa jembe. Samaki aina ya tasi wana midomo midogo. Hudonoa chambo polepole, na mkono uliochoka hausikii. Kila jioni alirudi na kikapu kitupu.

"Nilimuuliza, unawavua au unawalisha?" anakumbuka mkewe, Bi Mwatum, akicheka.

Ni yeye aliyegundua kwamba mumewe akirudi kuvua, finjani hutetemeka mkononi mwake kwa uchovu. Mabrouk akauchonga mwanzi ukawa mwepesi, na wiki ile ile akaleta tasi kumi na moja.

Nasser anajaribu mwembamba. Anamaliza kahawa, kanzu haipati tone jipya. Analipa, ingawa analalamika kwamba wenzake bandarini wakiona kifimbo hicho watamwita mchunga kuku.

Anapoondoka, Mabrouk anatoa mwanzi wake mwenyewe. Tangu mwaka jana kifundo cha mkono kinamuuma. Alijipima kwa sharti lake, akamwaga. Miezi mitano sasa hajaenda kuvua, na mianzi minne aliyojichongea imeshindwa kumfaa.

Huu ni wa tano. Ameupunguza tangu Jumatatu, na ukimkubali, Ijumaa atakuwa Fumba.

Anasimama na kuunyoosha mkono. Bi Mwatum anamimina kahawa, anaishia nusu ya finjani, anamkabidhi huku akitazama pembeni.

Mabrouk anaichungulia, kisha anamrudishia.

"Jaza, Mwatum. Nasser nilimjazia."