Siku Niliyomfufua Yusufu Pale Isipingo

Wapendwa, wale ambao mmeshaisikia hii habari kwa Mama Solange mjue ameongeza chumvi, na wale hamjaisikia afadhali muisikie kwangu mimi mwenye aibu yake, maana mpaka leo nikipita kununua mboga Isipingo iko mama mmoja ananiita Mama Yusufu, na mimi sina mtoto anaitwa Yusufu, mtoto wangu ni Furaha na anajulikana.

Mimi ni mtafsiri wa kanisa. Hiyo kazi mnaijua: mhubiri mgeni anasimama huku, wewe unasimama pembeni yake, yeye anasema Kiingereza, wewe unasema Kiswahili, akiruka unaruka, akilia na wewe unatafuta machozi. Sikupewa kwa sura yangu. Nilifika Durban sijui hata kusalimia kwa Kiingereza, mchana nasuka nywele za watu, jioni naenda masomo ya watu wazima na vidole bado vinauma, nikapanda darasa moja, nikapanda la pili, mwalimu akasema najitahidi sana (kujitahidi si kujua, lakini mimi nilisikia kujua). Na niwaambie siri ya watafsiri: neno likikupita, hausimami. Ukisimama upako unakatika na watu wanaanza kuangalia simu. Unaweka neno lako linalofanana, Mungu anaelewa, unaendelea mbele. Kwa mahubiri hiyo haijawahi kuniumbua, maana mahubiri yote mwisho yanafika mahali pamoja. Shida ni filamu.

Bon. Kanisa letu halina nyumba yake. Tunasali hapa Isipingo kwenye salle, ukumbi wa kanisa lingine, la Wahindi Wakristo, wao asubuhi, sisi mchana, na mwenye kushika funguo ni mjane mmoja mzee, wote tunamwita Aunty Rani. Sasa maneno yakaanza. Majirani walilalamika ngoma, mtu wetu mmoja aliacha bomba la chooni wazi maji yakafika mpaka barabarani, na kamati yao ikaanza kuuliza hawa watu ni wa namna gani, na wanamwabudu nani hasa kwa makelele yote yale. Aunty Rani akasema atakuja mwenyewe Jumamosi mchana, kwenye kipindi cha wamama, akae aangalie, halafu aende aambie kamati kama tubaki ao tutoke. Na tukitoka hapo hatuna pengine. Kabla ya hapo tulikuwa Greyville, juu ya duka la matairi, unasema Amina na mashine inaitikia chini, na hata kule tulifukuzwa. Kwa hiyo Pasta akatukalisha wamama, akatuomba kabisa, sauti ya chini, tutengeneze kipindi cha utulivu: hakuna ngoma, hakuna kutoa pepo, kitu cha heshima.

Ni mimi nikasema tuonyeshe filamu.

Msinicheke bado. Wakati ule tulikuwa tunasoma habari za Yusufu, tumefika mwisho kabisa, pale anakufa Misri, wanampaka dawa asioze, wanamweka kwenye sanduku, na ameacha wasia kwamba mifupa yake isibaki ugenini. Wamama waliipenda sana hiyo, wengine walilia, maana sisi pia tuko ugenini na kila mmoja ameshajiuliza mifupa yake itabaki wapi. Nikaona tukimwonyesha Aunty Rani hiyo, na mimi natafsiri vizuri pembeni, atajua sisi ni watu wa Neno.

Nikaenda kwa mzee mmoja mwenye kuuza filamu karibu na renki ya taxi, pale zinapopakia watu, nikamwambia nataka ya Misri, ya zamani, yenye sanduku. Ndivyo nilivyosema, yenye sanduku. Akatafutatafuta, akaitoa, akaniuliza kama niko na uhakika, nikamwambia mimi ni mtu wa kanisa, uhakika ndiyo kazi yangu. Kwenye jalada iko piramidi, na mtu amelala ndani ya sanduku amefungwa vitambaa mwili mzima, mikono kifuani, nyeusi na nyeupe. Nyeusi na nyeupe! Nikafurahi. Donc ni ya zamani kabisa, na watu wa zamani walikuwa wanamwogopa Mungu, hawangekaa kutengeneza upuuzi.

Furaha, anafanya kazi duka la simu, mambo haya anayajua kuliko mimi, akaniambia mama, iangalie kwanza. Ndiyo hapo. Kama Mungu angenipa kurudi mahali pamoja tu kwenye maisha yangu ningerudi pale jikoni, sombe iko motoni, ningemwambia ndiyo mwanangu. Badala yake nikamuuliza, "Mhubiri huwa ananionyesha mahubiri kabla?" Akafunika sufuria akatoka. Na Jumamosi yeye alikuwa kazini, kwa hiyo pale ukumbini hapakuwa na mtu wa kuniokoa, ni wamama watupu wenye Kiingereza cha soko, na Pasta ambaye Kifaransa chake ni kizuri sana lakini Kiingereza ni kile cha salamu.

Tukafunga mapazia, shuka jeupe ukutani, projekta ya kuazima. Aunty Rani alikuja na sari yake ya bluu na sahani ya samosa (alituletea samosa, na angalieni sisi tulimlipa nini), akakaa mbele karibu na Pasta. Mimi nikasimama pembeni ya shuka na maikrofoni. Muziki ukaanza, piramidi hiyo, mchanga huo, wamama wakasema aaah. Halafu wakatokea wanaume wazungu wenye kofia wanachimba.

Kile Kiingereza sikukisikia hata kidogo. Walikuwa wanaongea mbiombio kama watu wanaogombana ndani ya ndoo. Lakini mtafsiri hasimami, kwa hiyo nikaangalia picha, nikajiambia hawa wanachimba nini Misri kama si mifupa ya Yusufu, nikasema kwa sauti kubwa kwamba hapo mnamwona Musa na ndugu yake Haruni wamekuja kutimiza wasia. Amina, wakaitikia.

"Mama Furaha," Mama Solange akauliza kule nyuma, "mbona Musa anavuta kiko?"

Nikamwambia ni uvumba.

Wakafungua sanduku. Yule mtu alikuwa amelala na vitambaa vyake, nikawaeleza vizuri sana jinsi alivyopakwa dawa, mama mmoja akaanza kulia taratibu, kila kitu kilikuwa kinaenda sharp. Halafu kidole cha yule mtu kikatikisika. Halafu jicho likafunguka, peke yake, lile jicho moja. Moyo wangu uliniambia hapa iko pepo, zima hiki kitu. Lakini kinywa kilikuwa kimeshazoea, kikasema na Bwana akamkumbuka Yusufu, na wamama wakasimama wote, Amina, haleluya, mikono juu. Mama Solange akataka kujua hiyo iko andiko gani. Nikamwambia tutasoma nyumbani.

Ndugu zangu, hapo ndipo ningetakiwa kusimama. Lakini kuna aina ya uongo ambao ukishaweka mguu wa kwanza, ule wa pili unajiweka wenyewe. Yusufu akatoka kwenye sanduku, vitambaa vinaburuta, akamfuata Haruni kwa nyuma, polepole, akamshika shingo. Nikatafuta shingo kwenye Neno, na ikanijia, eish, kama imetumwa: pale Yusufu anapokutana na ndugu zake, anamwangukia yule mdogo shingoni, wanalia pamoja. Nikawaambia wamama hivyo. Nikaweka na machozi kwenye sauti. Na ukutani Haruni anatupa miguu, macho yanamtoka, ulimi nje, na huku chini wamama wangu wanapiga vigelegele, wengine wanapunga vitambaa hewani kwa furaha, ndugu wamekutana baada ya miaka yote ile!

Aunty Rani alikuwa amekumbatia mkoba wake kama mtu aliye kwenye taxi isiyo na breki. Akageuka akamuuliza Pasta, kwa Kiingereza, kwa nini wanashangilia. Pasta akatabasamu, akageuka kwangu.

"Mama, anasema nini?"

Nikasema anauliza kama iko chai.

Chai ikaletwa mbio. Aunty Rani akaisukuma, akasema hataki chai, anataka kile kitu kizimwe. Pasta akaniangalia tena. Nikasema haina sukari. Pasta mwenyewe, mtumishi wa Mungu, akainama akaweka sukari kwa mikono yake, vijiko vingi, anakoroga, anatabasamu, na yule mama mzee anamwangalia kama anayewekewa sumu.

Hapo Aunty Rani akasimama, mbele ya projekta kabisa, sura ya Yusufu ikamwangukia kwenye sari, jicho moja kifuani. Akaongea na mimi, si na Pasta, na aliongea polepole, kwa hiyo sikuweza kujidanganya kwamba sijasikia. Akasema: "Mwambie mchungaji wako. Funguo kesho sileti. Mtu ananyongwa na nyinyi mnaimba. Nyinyi ni watu gani?"

Pasta akasema, "Mama Furaha. Tafsiri."

Na niseme ukweli, nilifikiri. Ningeweza kusema amebarikiwa, anatuaga, wangemsindikiza kwa wimbo mpaka kwenye geti, na kesho yake wangekuja na watoto wao na viti vyao wakute kufuli, hawajui wamekosa nini. Uongo wangu mpaka hapo ulikuwa unanifunika mimi peke yangu. Huo mwingine ungewafungia wao mlango. Nikatafsiri. Neno kwa neno, na lile la kunyongwa, na lile la funguo. Nikaongeza la kwangu, kwamba hii si habari ya Yusufu, sijui ni habari ya nani, tangu mwanzo sijaelewa hata sentensi moja. Halafu nikamgeukia Aunty Rani na kile Kiingereza changu cha jioni, kinadondoka vipande vipande, nikamwambia hawa wamama hawana kosa, wao wanamshangilia Yusufu.

"Yusufu yupi?" akauliza.

Nikanyoosha kidole ukutani. Bahati mbaya wakati huo Yusufu alikuwa amembeba msichana aliyezimia, anampeleka kaburini.

Aunty Rani akaangalia ukutani. Akaniangalia mimi. Akakaa chini, mabega yakaanza kutetemeka, nikasema tumemuua mjane wa watu. Mama Solange akaja mbio kumpepea na Biblia. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika chai yenye sukari zote zile akainywa. Akasema hii filamu anaijua, aliiona bioskopu, yaani sinema, akiwa msichana, na ni siku hiyo marehemu mume wake alimshika mkono mara ya kwanza, kwa sababu sanduku lilipofunguka yeye alipiga kelele.

"Yangu najua inaishaje," akaniambia. "Wanamchoma moto. Yako inaishaje?"

Nikamwambia, Aunty, yangu imeishia hapa.

Pasta akasema tena tafsiri, nikatafsiri yote, na ule mkono wa bioskopu pia, na wamama wakapiga vigelegele, na hivyo ndivyo vilikuwa vigelegele vya kwanza mchana ule vilivyoanguka mahali pake.

Funguo zililetwa. Kamati waliambiwa, nimesikia, kwamba hawa ni watu wa Mungu ila wasiachiwe projekta. Mimi nilingoja Pasta aninyang'anye maikrofoni, hakuninyang'anya, na hiyo ilikuwa adhabu mbaya zaidi, maana wiki iliyofuata mhubiri mgeni alikuja na nikasimama pembeni yake na kanisa zima linaniangalia mdomo. Nimeweka nadhiri: filamu sitafsiri tena maisha yangu yote, na neno nisilolijua nitasema silijui. Siku hiyohiyo nikajaribiwa. Katikati ya mahubiri yule mgeni akatupa neno moja refu, sijawahi kulisikia darasani wala sokoni. Nikasimama. Jasho. Nikasema kwenye maikrofoni, "Wapendwa, hili silijui."

Amina, kanisa likaitikia. Na nimetafsiri miaka mingi, jamani, sijawahi kupewa Amina yenye nguvu kama ile.