Mabano ya Chaki

Juzi, nikipita eneo la Mpemba, nilisikia injini ya dizeli ikidunda nyuma ya duka, na harufu ya moshi na pumba ikanirudisha utotoni, nyumbani Isansa.

Baba alikuwa amechuchumaa kando ya injini yetu ya kusagia mahindi, akiandika hesabu mlangoni kwa chaki. Kama ingeweza kuvuta pia mashine ya kumenya kahawa, kipato kingetosha naye angebaki. Kama isingeweza, angevuka mpaka wa Tunduma kwenda Zambia kutafuta kazi. Alijumlisha ndani ya mabano nguvu za kuzungusha mashine zote mbili, akazidisha kwa mizunguko, akagawanya apate hosipawa zinazohitajika. Zikazidi uwezo wa injini.

Nilifuta mabano kwa kidole. Kuzidisha kukatangulia, jibu likawa dogo.

"Baba, inatosha!"

Alicheka. "We mama, shuleni MAGAZIJUTO hamjafika? Mabano kwanza."

Niliyachukia mabano. Niliamini ndiyo yaliyompeleka Zambia, na hakurudi. Sasa nimesoma, najua yalikuwa sahihi. Ninachohoji ni ile alama ya kujumlisha. Nani alisema mashine zote ziende kwa pamoja? Asubuhi tungesaga mahindi, jioni tungemenya kahawa, na injini ileile ingetosha.