Barafu ya Kusafishia Picha ya Baba

Baba yangu aliwapiga picha nusu ya watu wa Msambweni, lakini mwenyewe kamera ikimwelekea hugeuza uso. Alipofariki tukabaki na ile ya kitambulisho tu, amenuna. Mama akanikumbusha kwamba Idi ya kuchinja yeye alimvizia baba barazani, akampiga moja akicheka, na filamu hiyo ya nyeusi na nyeupe imo bado ndani ya kamera. Akaitaka picha yake kabla ya arubaini.

Kusafisha filamu nilifunzwa na baba. Dawa aliichanganya mwenyewe: metoli kwanza, kisha salfaiti, kisha haidrokwinoni, na ukipindua mpangilio huo haziyeyuki sawasawa. Halafu huagiza barafu kwa wauza samaki, akalizungushia kopo la dawa. Maji ya pwani yetu yana joto, na dawa ikipata joto ule utando unaobeba picha hulainika kama uji. Hayo nayajua, sina kisingizio.

Lakini ilikuwa Ramadhani, na barafu yote imeshachukuliwa na watu wa juisi za futari. Ningengoja asubuhi tu. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na mimi pupa nimezaliwa nayo. Mama naye alikuwa ameketi nje ya mlango wa chumba cha giza, anavuta tasbihi, kila mara aniuliza kama tayari. Nikatumia maji ya bomba yalivyo.

Picha ilitoka. Wallahi nilimwona baba, mdogo kama ukucha, anacheka. Nikaipitisha filamu katikati ya vidole viwili kuikamua maji, vile alivyokuwa akifanya yeye. Nilipotazama tena, baba alikuwa kwenye vidole vyangu, tope jeusi, na pale alipokuwa amesimama hapana kitu.

Nilinawa mikono nikilia. Kisha nikatoka, nikamwambia mama kwamba filamu ilikuwa tupu, kwamba siku ile yeye mama alisahau kuondoa kifuniko cha lenzi. Nilisema hivyo mimi, kwa mdomo huu, na saumu yangu.

Mama hakubisha. Aliiweka tasbihi mapajani.

"Basi ni mimi niliyempoteza," akasema. "Niwie radhi, mwanangu."

Nikamwambia hapana neno, nimemsamehe.