Mguu Ulioachwa Nje ya Filamu

Mama mdogo wangu, aliyenilea, alitekwa nyara akiwa msichana. Mwanamume waliyeimba naye kwaya kanisani Gachoka alimdanganya kwamba amempatia kazi ya dukani katika mji wa Maua, kisha akamfungia katika nyumba iliyozungukwa na mashamba ya miraa. Polio ilikuwa imemlemaza mguu wa kushoto tangu utotoni, basi yule mtu akamnyang'anya mkongojo akijua hatafika mbali. Asubuhi moja alisahau kukomea mlango wa jikoni. Mama mdogo akatoka akijishikilia mti hadi mti, na alipochoka akatambaa, mpaka kwenye duka la mama mmoja Mwislamu. Mama yule alimficha nyuma ya magunia ya mchele, akampa uji, akatuma watu waite polisi.

Mwaka juzi watengenezaji wa filamu walikuja kumtafuta, wakitaka kuigiza kisa chake. Nilimsindikiza hadi hoteli moja mjini Meru, nikamsomea mswada kwa kuwa macho yake yamechoka. Msichana wa kwenye mswada alikuwa na miguu mizima. Aliokolewa na polisi mtanashati aliyevunja mlango kwa teke. Mtekaji alivaa kanzu na kofia.

"Huyu wa kanzu ni nani?" mama mdogo aliuliza.

Mwongozaji, kijana mpole, alieleza kwamba watazamaji hupenda kumtambua mbaya mapema.

"Mimi sikumtambua. Ndiyo maana nilimfuata. Tulikuwa tunashika kitabu kimoja cha nyimbo. Na aliyenificha alivaa buibui. Yeye mmemweka wapi?"

Kijana alitazama karatasi zake. "Na mguu, mama, tulidhani ungependa uonekane bila hiyo shida."

"Mguu huu ndio ulionitoa kule."

Hakupaza sauti. Mimi ningekuwa nimeshabeba mkoba niondoke, lakini yeye alibaki pale, akaomba chai nyingine. Kijana alisema hakuna mwigizaji anayetembea hivyo.

"Mmetafuta wapi?"

Nikawatajia msichana wa Kianjai anayetembea kwa mkongojo, niliyewahi kumwona katika maigizo ya shule akiigiza malkia. Waliandika mswada upya, na yeye ndiye waliyemchukua. Alikuja Gachoka akakaa kwetu wiki nzima, mama mdogo akimfundisha kutambaa huku akijisukuma kwa kiwiko.

"Ulilia, mama?" msichana alimuuliza.

"Nililia nilipofika. Njiani sikuwa na nafasi."

Filamu ilionyeshwa katika ukumbi mmoja Meru. Yule mama wa duka, sasa mzee sana, aliletwa na wajukuu zake, akakaa na mama mdogo wameshikana mikono. Msichana wa Kianjai alipoanza kutambaa kati ya miraa, nilisogea mbele kitini. Nilikijua kisa kile tangu utotoni, lakini sikuwahi kukiona. Hapo ndipo nilipoelewa mtu aliyenilea ni mtu wa namna gani.

Taa zilipowashwa, mwongozaji alikuja akainama mbele ya mama mdogo. "Mama, tumepatia?"

"Pale kwenye miraa ni kweli. Muziki ndio mmezidisha. Siku ile nilisikia ndege tu."