Choo cha Wageni

Kunisomesha afya ya jamii kulimgharimu baba ng'ombe wawili, kipande cha shamba la kahawa kule bondeni, na heshima yake mbele ya wanaume wenzake wa Kanazi, ambao wote wanajua kwamba binti huingiza ng'ombe nyumbani, si kuwatoa. Nimelipigia hesabu jambo hili mara mbili, ndivyo nilivyo. Hata chenji ya bodaboda naihesabu nikishuka, kisha naihesabu tena pikipiki ikiwa imeshaondoka na kuhesabu hakunisaidii kitu. Mkopo wa serikali siutaji hapa, kwa sababu huo haunitazami usoni wakati wa kula.

Ubaya wa shahada hii ni kwamba haionekani. Aliyesomea uuguzi anarudi na sare, fundi anarudi na nyundo. Mimi nilirudi na bahasha. Wiki ile ile jirani mmoja alikuja amefunga mguu kwa kipande cha kitenge, akakaa kwenye benchi akingoja nimtazame. Nikamweleza kwamba mimi sitibu mguu, nashughulika na afya ya kijiji kizima.

Akafikiri. "Kwani mguu wangu hauko kijijini?"

Nikampeleka zahanati kwa pikipiki, nauli juu yangu.

Wenzangu niliosoma nao walikuwa wameshatawanyika. Mmoja yuko mpakani Rusumo, anawapima joto madereva wa malori. Mmoja ni afisa afya wa kata. Akitokeza sokoni, wauza nyama wanavaa haraka makoti meupe waliyokuwa wameyakalia. Mwingine yuko mgodini, kazi yake ni kuwabembeleza watu wazima wavae kofia ngumu. Mwingine anauza viatu vya mitumba Ngara mjini, na tukikutana ndiye anayenunua soda. Mimi nilikuwa natuma maombi. Napanda kile kilima cha Ngara kutafuta mhuri, nashuka, nakumbuka nakala, napanda tena. Nikirudi nyumbani siwezi kutulia kwenye kiti. Naanza kufagia, naacha, naenda kutazama simu, narudi kufagia palipokwisha kufagiwa.

Nyumbani tulikuwa watatu. Mama alishatutoka. Alikuwepo baba, nilikuwepo mimi, na wifi yangu, mke wa kaka, mwenye mimba ya miezi minane. Kaka mwenyewe alikuwa upande wa Biharamulo kwenye machimbo ya dhahabu, akituma salamu nyingi na pesa kidogo.

Zamani tulikuwa na vyoo viwili vya nyasi, vyote vibovu, kimoja cha baba na kimoja cha wanawake. Nikiwa chuoni, baba alisikia kwamba mwanawe anasomea mambo ya usafi, akaona aibu kwa niaba yangu. Akavifukia vyote viwili, akapanda migomba juu yake, akajenga kimoja cha maana: sakafu ya saruji, mlango wa bati, bomba la kutolea harufu. Kilikuwa cha kwanza cha aina hiyo kitongoji kizima. Niliporudi alinipeleka kukiona kabla sijaweka begi chini. Akaufungua mlango, akaufunga, akaufungua tena.

"Hiki ndicho ulichosomea, sivyo?"

"Ndicho, baba."

Nikajivuna hata mimi. Ilinichukua muda kuona kwamba wifi hakanyagi pale. Alfajiri namsikia akifungua mlango wa nyuma, anateremka kwenye mikaratusi, mvua inanyesha, ule udongo mwekundu umekuwa kama sabuni. Siku moja alirudi na matope magotini, akasema ameinama kuokota kuni. Kuni zenyewe sikuziona. Halafu nikaona chai yake inapoa kila asubuhi bila kuguswa.

"Wifi, mbona hunywi?"

"Nikinywa nitakwenda wapi?"

Kwetu mke wa mtoto hachangii choo na baba mkwe wake. Wala hawezi kulalamika kwamba hana choo, kwa sababu kulalamika ni kumtaja mzee akiwa chooni, na hilo ni baya kuliko kuchangia. Kwa hiyo alichagua lisilohitaji maneno: aliacha kunywa maji. Kliniki walikuwa wamemwambia anywe kwa wingi. Alikuwa anaona kizunguzungu, midomo imekauka, mkojo wake aliniambia una rangi ya chai ya rangi. Mimi nilijua hayo yanaelekea wapi. Niliyafanyia mtihani na nikafaulu. Nilijua pia kwamba kwenye mafunzo ya vitendo, Biharamulo, niliingia nyumba baada ya nyumba nikiuliza kama wana choo, wakajibu wanacho, nikashukuru, nikapita.

"Nitaongea na baba," nikamwambia.

"Ukimwambia jambo hili kwa jina langu, kesho mimi niko kwetu Rulenge. Nitakwenda kwa miguu."

Angekwenda. Na tumbo lile, na njia ile.

Jioni nilimkuta baba barazani na redio yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Wamekujibu?"

"Bado. Baba, nilikuwa nawaza habari ya choo."

"Kimeharibika?"

"Ni kizima. Ila ni kimoja."

"Mtu mmoja huingia vyoo vingapi kwa mkupuo?"

Mlango huo ulikuwa umefungwa. Sokoni, mwenye mali akishikilia bei, huendelei kubishana naye juu ya bei. Unageukia kitu kingine anachokitaka yeye.

"Na wageni wakija? Wataingia hicho hicho chako?"

"Wageni gani?"

"Wa posa."

Baba akazima redio. Redio ile haizimwi hata kwa radi.

"Kuna watu?"

"Sijasema kuna watu. Nasema wakija."

"Wa wapi?"

"Baba, utauliza wanatoka wapi kabla hujajua watajisaidia wapi?"

Akakuna kidevu. "Hao watu wana ng'ombe?"

"Wenye ng'ombe ndio wanaochagua vyoo."

Tukaingia kwenye mapatano. Yeye alitaka kiwe upande wa barabara, wapita njia wakione. Mimi nikataka upande wa jikoni. Akauliza habari ya harufu, nikamwambia harufu nimeisomea. Akatoa miti na bati, nikatoa hela ya saruji niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya safari za usaili. Vijana wa jirani walichimba siku chache, mpaka mwamba ulipowakatalia. Walipomaliza, baba akakitazama kwa mbali, akaingia ndani, akatoka na kufuli.

"Kikae safi mpaka wageni waje," akasema, akafunga, akatia ufunguo mfukoni.

Nilimtazama wifi. Alikuwa anapembua maharage, na mikono ilisimama.

"Baba," nikasema, "choo kikifungwa hakifagiwi. Kisipofagiwa nyoka anaingia. Unataka mzee wa watu, amekuja na ng'ombe wake, akutane na nyoka mle?"

Baba akageuka. Alitazama migomba aliyoipanda juu ya vile vyoo vya zamani, akaitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko migomba inavyohitaji.

"Nani atakifagia?"

"Anayefagia nyumba."

Akautoa ufunguo. Hakumpa wifi mkononi, hilo nalo lina taratibu zake. Aliuweka kwenye kona ya benchi, akaenda kuangalia mbuzi ambao walikuwa hawana shida yoyote. Wifi alingoja mpaka mgongo wa baba ukapotea, akauchukua. Jioni ile alikunywa vikombe viwili vya maji akiwa amesimama, akajimiminia cha tatu. Nilihesabu.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Baba anasema huyu asisomeshwe mpaka tumshauri vizuri.

Sasa nimepata kazi ya mkataba Biharamulo, kuzunguka kaya kuuliza habari za vyoo. Safari hii nina swali la pili la kuuliza, na nitaliuliza jikoni, si barazani. Begi limefungwa toka jana, nimelifungua mara mbili kuhakikisha. Lakini baba ameshawaambia wenzake kwenye pombe ya rubisi kwamba wageni wanakuja. Amepaka chokaa. Amenunua viti viwili. Asubuhi hii aliniuliza, bila kunitazama, kama waje kabla ya mavuno ya kahawa au baada. Sijui kama ananidai ng'ombe wake au anajua kila kitu na ananicheka taratibu.

Wageni sina. Hata mmoja wa kuazima sina. Wewe uliyesoma mpaka hapa, ungekuwa mimi, basi linaondoka kesho saa kumi na mbili, ungemjibu nini?