Samli ya Buna Kwenye Paji la Uso

Mimi sikusoma sana. Nilifika darasa la tatu nikarudi kwa mbuzi. Lakini Mungu alinipa kichwa cha majina. Wanawake wote waliokuja kwetu wakati ule wa ugonjwa nawajua, na mama zao, hata ngamia wa baba zao walivyoitwa. Sitawataja, kwa sababu habari ni ya binti yangu, na ugonjwa wa akili bado watu wanausema kwa kunong'ona.

Binti huyu, kitinda mimba wangu, alianza kusikia sauti akiwa msichana. Hospitalini wakasema ni skizofrenia. Dawa nyingi zilipita bila kumsaidia, mpaka wakampa moja ambayo lazima damu ipimwe mara kwa mara. Hiyo ndiyo ilinirudishia mtoto. Akaanza kuoga mwenyewe, kucheka, hata kunisengenya nikiwa hapo hapo. Alhamdulillahi.

Halafu jino likaoza. Shavu likavimba kama ameficha mandazi, mwili ukawa moto, akawa analala tu. Mtu aliyekuwa hajui usingizi! Wifi zangu wakaja kutoka Kulamawe na samli, wakakaanga buna, ile kahawa yenye maganda tunayotafuna tukitaka kumshukuru Mungu. Tukabariki. Naye tukampa asubuhi na jioni, apate nguvu.

Lakini mate yakawa yanalowesha mto. Nikimsimamisha anayumba, anarudi chini.

"Huu si usingizi wa baraka," nikasema.

"Ni hiyo midawa," wifi mkubwa akasema. "Itupe chooni tumalize."

"Sauti zikirudi, utakuja kulala naye wewe?"

"Mimi? Kaka yako niliyeolewa naye mwenyewe ananishinda!"

Maana huyo wifi aliolewa na kaka yangu, nami nikaolewa na kaka yake. Tukacheka, lakini moyo wangu haukucheka. Bila dawa ningempoteza tena. Na dawa, pengine ndiyo ilikuwa inamwua. Nikamfunga shuka nikampeleka hospitali, dawa zake zote nikiwa nazo.

Daktari wa akili, kijana wa upande wa Meru, akaagiza damu ipimwe, akaangalia jino.

"Shosho, anakula nini siku hizi?" akauliza, akiniita bibi kwa lugha ya kwao.

"Buna."

"Nyingi?"

"Ya baraka haipimwi."

Akashika kichwa, akacheka. Kisha akanieleza polepole. Mwili ukipigana na uchafu wa jino unawaka, na moto huo unafanya ini lichelewe kuondoa dawa. Kahawa nayo inaizuia dawa isitoke. Kwa hivyo kipimo kilekile kilikuwa kimejaa mwilini mpaka kikazidi.

"Kama kibuyu cha maziwa," nikamwambia. "Tunakitia moshi wa kaa la moto. Kaa likikaa sana, maziwa yanakuwa machungu. Lakini mtu hatupi kibuyu."

"Ndiyo hivyo, shosho. Tunapunguza kwanza. Hatutupi."

Nikamwuliza kama moto huo wa mwili ndio ulileta ugonjwa wa akili wenyewe. Hakunidanganya. Alisema wataalamu bado wanatafuta. Kwa wagonjwa wengine wanauona moto huo kwenye damu, kwa wengine hawauoni, na dawa za kuupoza zinajaribiwa, ila hawajajua vizuri zinamfaa nani. Nilimshukuru hata kwa hilo. Watu wengi walikuwa wameniambia wanajua kabisa: ni jini, ni laana, ni tumbo langu.

Jino likang'olewa, homa ikashuka, binti yangu akaamka akaomba chai. Walipopima damu tena na kuridhika, wakamrudishia kipimo chake pole pole.

Idd iliyopita wifi zangu walikuja. Safari hii binti yangu ndiye alikaanga buna, samli ikatoa harufu mpaka kwa majirani. Wifi mkubwa akamletea kikombe.

"Hapana, shangazi. Mimi nipake tu."

Kwetu samli ya buna hupakwa pia, na baraka ni ile ile. Wifi akachovya kidole, akampaka kwenye paji la uso, akaomba dua, sisi tukaitikia.

"Imeingia?" akamwuliza.

"Imeingia, shangazi. Ongeza kidogo, bado nywele."