Uongo wa Najma

Najma Abdulatif anauza vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo, na hasemi uongo. Cheka tu, wenzake wa fremu za jirani walishacheka mpaka wakachoka. Mteja akiuliza kama kitambaa kinachuja, anajibiwa kinachuja, tena sana, akifue peke yake. Watu walidhani ni dini. Haikuwa dini peke yake. Kulikuwa na Mjerumani pia.

Mjerumani huyo alikufa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, lakini nyumbani kwao Mtaa wa Mchikichi alitajwa kama jirani wa mlango wa pili. Baba yake Najma, Mwalimu Abdulatif, alisoma Ujerumani Mashariki ujanani, akarudi na koti zito lisilo na kazi Dar na mwanafalsafa huyo kichwani. Najma alikua akisimuliwa habari zake. Bwana hakuoa, hakusafiri mbali na mji wake, na alitoka kutembea saa ile ile kila alasiri hadi majirani wakawa wanarekebisha saa kwa kumwona yeye. Alitaka kila mtu athubutu kutumia akili yake mwenyewe, asingoje kufikiriwa na wakubwa. Na alikataza uongo, hata muuaji akibisha hodi kumuulizia rafiki yako uliyemficha ndani.

"Hata muuaji, baba?" Najma aliuliza alipokuwa mdogo.

"Hata yeye. Ukimdanganya kwamba hayumo, na kumbe rafiki yako keshatokea mlango wa uani, wakakutana njiani, damu hiyo iko juu yako."

"Ndiyo maana hakupata mke," alisema mama yake, Bi Siti, huku akikuna nazi. Mwalimu, aliyekuwa na hoja kwa kila kitu, hiyo hakuwahi kuijibu.

Mwalimu ndiye pia aliyesimulia kwamba uzeeni Mjerumani alipotewa na kumbukumbu, akawa hawatambui hata rafiki zake. Alilisimulia kama jambo la watu wengine.

Bi Siti alifariki mwaka juzi. Akili ya Mwalimu ilikuwa imeshaanza kuyumba, na baada ya mazishi ikaporomoka. Kila asubuhi akishakunywa chai huuliza, "Mama yako yuko wapi?" Najma, kwa malezi yale, akawa anamwambia kweli.

Ingekuwa mara moja, sawa. Ilikuwa kila siku, na kila siku habari ilikuwa mpya. Mzee analia, anavaa kanzu na kofia, anatandika jamvi sebuleni na kuketi kusubiri watu waje kumpa mkono. Mwanzoni majirani walikuja kweli, wakakaa, wakasema pole. Baadaye walichoka, na nani asingechoka? Najma alibaki akikaa naye peke yake kwenye lile jamvi, duka limefungwa, akifiwa na mama yake kila siku ya Mungu. Ikafika mahali akawa anaogopa kuchemsha chai.

Bharti, ambaye fremu yake inatazamana na ya Najma, aliwahi kumuuguza baba mkwe mwenye maradhi kama hayo. Hakuzungusha maneno.

"Mwambie mama ameenda sokoni. Basi, atasahau."

"Mtu mwingine yeyote ningeweza kumdanganya, dada Bharti. Siyo baba."

"Kila siku unamzikia mke wake upya. Hiyo ni haki gani?"

Najma alijikaza siku chache, halafu akashindwa. Mzee alipouliza, alimjibu huku anatazama kikombe. "Ameenda sokoni, baba."

"Na jua hili? Nani atambebea mzigo?" Mwalimu alitabasamu, akamaliza mkate wake. Hakulia mtu. Najma alimwacha kitini na redio yake, akaenda kufungua duka kwa moyo mwepesi, akijiambia kwamba Mjerumani, Mungu amsamehe, hakuwahi kuuguza mzazi.

Mwalimu alichukua kikapu, akatoka kumpokea mkewe mzigo.

Katika mikokoteni na pikipiki zile, mzee alipita kwenye samaki, kwenye nazi, kwenye nyanya, akiuliza kwa adabu kama wamemwona Bi Siti, na watu kwa wema wao wakamwelekeza huku na kule. Alipatikana Gerezani, ameketi kwenye ukingo wa barabara mbele ya maduka ya vipuri. Pikipiki ilikuwa imemkwangua, paji la uso linatoka damu, kiatu kimoja hakipo. Najma alipopewa habari na kufika akihema, mafundi walikuwa wakimnywesha mzee maji.

"Nimezunguka soko zima," Mwalimu alisema. "Hayupo. Nani aliniambia yuko sokoni?"

"Mimi, baba."

"Ulimwona?" Sauti ilikuwa ile ya darasani.

"Sikumwona."

"Basi kwa nini ulisema?"

Najma akisema kweli, anamzika mama tena palepale, mbele ya mafundi. Akiongeza uongo, kesho mzee atatoka tena, na kesho huenda isiwe pikipiki, liwe lori la bandarini. Alipiga magoti kwenye vumbi lenye oili, akalia kwa sauti kama mtoto.

Mwalimu alimtazama. Alisahau soko, akasahau na swali. Alinyoosha mkono, akamshika kichwani.

"Pole, mwanangu," alisema. "Umefiwa na nani?"